Mkunjo wa Sikio

Jumatatu, 14 Julai

Stima imerudi saa nne. Ukungu bado. Kutoka dirishani sioni hata duka la dawa za mifugo lililo ng'ambo ya barabara, nasikia tu vifaranga wao wakilia kwenye maboksi. Nimewasha kompyuta na hita kwa pamoja, nikaomba Mungu swichi isiruke. Haikuruka.

Mzee wa Karatina amechukua pua yake ya silikoni. Amejitazama kwenye kioo, akasema ni nzuri kuliko ile aliyozaliwa nayo. Mwongo. Lakini nimefurahi mpaka nikamsindikiza hadi chini ya ngazi.

Kazi mpya: masikio mawili. Nyawira, msichana wa Mwea, miaka kumi na tisa. Aliangukia moto wa jikoni akiwa bado anatambaa. Matundu yapo na anasikia vizuri, ni nyama ya nje tu iliyoisha, pande zote mbili. Macho yake ni mabovu. Anavaa miwani mizito na kuifunga kwa lastiki nyuma ya kichwa. Septemba anaingia chuo cha ualimu. Ombi lake ni moja: miwani ikae juu ya masikio kama ya watu wengine. Urembo hakuutaja. Nimempenda kwa hilo.

Mtu akipoteza sikio moja, kazi yangu ni nyepesi. Napiga skani ya lile lililobaki, naligeuza kama kwenye kioo, basi. Huyu hana la kugeuza. Ya mama yake nimeyapiga skani leo: madogo, yamelala kichwani, miwani haina pa kushika. Ndugu zake wana masikio kama vifuniko vya sufuria.

Nitaanza na mpira. Ndani ya programu kila kitu huanza kikiwa mpira mtupu wa kijivu. Unauvuta, unaubonyeza, unaukunja, mpaka uwe mtu.

Jumatano, 16 Julai

Sikio ndilo umbo gumu kuliko yote. Hakuna mstari ulionyooka hata mmoja. Kila mkunjo unazaa mwingine, na ukikosea huu wa nje, wa ndani unaharibika wenyewe. Pua ni kazi ya mtoto.

Nimefanya kazi tangu asubuhi bila kunywa chai. Vizuri sana. Vibaya mno, nitasema kwa nini. Nilivuta ukingo wa juu, nikaukunja, nikauingiza ndani hadi katikati ya bakuli. Nikajaza ndewe, ile nyama laini ya chini. Vidole vilikuwa vinatangulia macho. Saa kumi nikalizungusha sikio ili nilione kwa nyuma.

Nikainuka mezani. Nikaenda kusimama mlangoni.

Ni sikio la mama.

Alhamisi, 17 Julai

Nimelala, nimeamka, nimeliangalia tena. Ni lake. Sikuota.

Mama alikufa mwaka jana wakati wa kuchuma kahawa. Mwaka mzima kabla ya hapo alikuwa kitandani, na mimi ndiye niliyemwosha. Kila asubuhi nilimgeuza ubavu, nikavuta sikio lake la kulia juu na nyuma, nikamtia dawa ya matone. Wanaosema sikio la kufa halisikii dawa hawakumjua mama. Hilo sikio lilikunywa dawa za kila duka hapa Nyeri na likabaki kiziwi kwa kiburi chake tu.

Kwa hiyo vidole vilijifunza. Ndiyo maelezo. Hayana uchawi.

Nimefuta faili.

Jumamosi, 19 Julai

Nimeanza upya. Safari hii nimechukua sikio lililo ndani ya programu yenyewe, sikio la mtu asiyejulikana, jembamba, la Kizungu. Nimelipanua kulingana na kipimo cha kichwa cha Nyawira. Sikuruhusu vidole kufikiri. Nimeandika namba tu.

Mchana nikaagiza programu ilainishe uso wote. Ikalainisha. Kwenye ukingo wa juu kukatokea pengo dogo, kama mtu ameuma kipande cha chapati. Kosa la kawaida. Nukta mbili zinagongana, uso unajikunja vibaya. Nikazitenganisha, nikahifadhi, nikafunga, nikaenda kununua maziwa.

Nilipofungua, pengo lilikuwepo.

Nikarekebisha tena. Likarudi tena. Mahali palepale.

Mama alikuwa na pengo kwenye ukingo wa sikio la kulia. Jogoo alimdonoa akiwa mtoto, kwao Kianyaga. Mimi siamini mambo ya mizimu. Nimeogopa. Naandika hivyo hivyo: nimeogopa, na nilishuka ngazi bila kuzima hita, ikabidi nirudi, na kurudi kulinishinda mara mbili.

Jumatatu, 21 Julai

Leo ni majaribio. Programu inaniruhusu kuning'iniza miwani kwenye sikio kabla sikio halijakuwepo duniani. Naiambia uzito wa miwani, naiambia gundi inayoshika sikio kwenye ngozi, naiambia jasho la jua la Mwea. Kisha naitikisa. Kichwa kinageuka, sweta inavuliwa kupitia kichwani, mtu anapiga chafya. Palipotulia pana rangi ya buluu. Panapotaka kuachia pana rangi nyekundu.

Sikio la Kizungu: jekundu kwenye shina. Litabanduka kabla ya chakula cha mchana. Sikio la mama yake Nyawira: miwani inateleza, haifiki hata kwenye nyekundu. Nimejaribu mchanganyiko wa haya mawili. Nyekundu.

Nimekaa. Kisha nikamtengeneza mama tena kutoka kwenye mpira. Sikuhitaji kuangalia. Nikampachika miwani.

Buluu. Buluu tupu, kutoka ukingoni hadi kwenye ndewe. Ukingo wake wa juu unaanza mpana na kuingia ndani sana, kwa hiyo uzito unashuka polepole na kuenea kwenye shina lote. Nimemtikisa kwa hasira. Nimemvulisha sweta mara nyingi mpaka kompyuta ikaanza kunguruma. Hakubanduka.

Hata akiwa hai hakuna aliyewahi kumwondoa mahali alipokaa.

Jumanne, 22 Julai

Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Wa pili hupewa la mama wa mama yake. Ndivyo wazee wanavyorudi. Mtu anazikwa, jina lake linabaki likikimbia uani na kugombezwa kwa kumwaga maziwa.

Mama alingoja. Mimi ni mtoto wake wa pekee. Miaka arobaini imenipita. Sina msichana wa kwanza wala wa pili. Hakunilaumu hata siku moja, na afadhali angenilaumu. Akikutana barabarani na mtoto anayeitwa Muthoni kama yeye, yeyote, wa mtu yeyote, alimnunulia mandazi.

Sasa amerudi. Kwenye kompyuta, katikati ya pua za watu.

Ijumaa, 25 Julai

Nimelichapa kwa plastiki nyeupe ili nipime mkononi. Mashine ikalijenga ukoko juu ya ukoko tangu asubuhi. Nilipolitoa lilikuwa na joto. Hilo sikulipenda.

Saa nane Tata Wambui akaingia bila kubisha, ametoka Kianyaga na nduma kwenye kiondo. Ndiye dada mdogo wa mama, na ndiye pekee kati yao aliyebaki. Aliweka kiondo chini, akaona kilicho mezani. Hakuuliza habari. Alifungua kitambaa chake cha kichwa na kufunika lile sikio, na mimi sijawahi kumwona Tata akiwa kichwa wazi.

"Hiyo sikio ni ya Muthoni," akasema. "Umeitoa wapi?"

Nikamwambia nimeitengeneza mwenyewe.

"Ati umeitengeneza. Sikio ya mtu inatengenezwa na Mungu. Wewe umeificha tangu lini?"

Alidhani nililikata mochari. Ilinichukua chai nzima kumweleza. Nikamwonyesha kwenye skrini, nikamzungushia. Akanishika sikio langu mimi, akalivuta kama mwalimu wa zamani.

"Hii yako ni ya baba yako. Ndogo kama ya panya. Ile yetu hukupata, hata mimi sikupata. Ilikuwa ya cucu, mama yetu, na ya Muthoni, ikaisha hapo."

Alipoondoka aliacha kitambaa juu yake. Akapita katikati ya mji wa Nyeri kichwa wazi.

Jumapili, 27 Julai

Sikuenda kanisani. Jana nililibeba sikio hadi nyumbani Kiganjo, ndani ya kitambaa, ndani ya mkoba. Sijui kwa nini. Najua.

Nimelisemesha. Haya, nimesema. Nimemwambia kuku mweusi ameacha kutaga, na kwamba paa la jikoni linavuja upande ule ule, na kwamba yule fundi aliyemwamini ni mlevi kama nilivyosema. Nimeongea mpaka chai ikapoa. Pua ukiiongelesha haikujibu, basi unaacha. Sikio nalo halijibu, lakini linaendelea kusikiliza. Ni kitu kibaya kutengeneza.

Niliogopa kulifunika na niliogopa kuliacha wazi. Mwishowe nililigeuza litazame ukuta.

Jumatano, 30 Julai

Nyawira na mama yake wamefika kutoka Mwea. Wamenijia na mchele, mfuko mzima, wa kunukia. Nikajua nitakuwa mkweli. Siwezi kumvalisha mtu kitu nikanyamaza kilikotoka, halafu nile mchele wake.

Nimewaambia yote. Kwamba nimejaribu maumbo mengine na yanabanduka. Kwamba linaloshika ni hili. Kwamba hili ni la mama yangu, na mama yangu ni marehemu.

Mama Nyawira aliinuka kabla sijamaliza.

"Hapana, madam. Mtoto wangu hawezi vaa kitu ya mtu amekufa. Sisi tumeokoka."

Nikamwambia ni silikoni, haijagusa maiti. Akasema anajua ni silikoni, yeye si mjinga, lakini hata picha ni karatasi na mtu hawezi kulala na picha ya marehemu wa wengine kitandani.  

 Lastiki ya Nyawira ilikuwa imelegea, akawa anaisukuma miwani juu kwa kidole, tena na tena.

Walikataa kurudi na mchele.

Ijumaa, 1 Agosti

Niandike ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma. Walipokataa nilifurahi. Nilifunga mlango nikafurahi. Mama akabaki wangu.

Kuna kanuni hapa karakanani: umbo likishakabidhiwa, mgonjwa anaondoka na faili yake, nami sibaki na nakala, na kalibu za kumwagia silikoni zinavunjwa. Hakuna anayetaka pua yake ibaki kwenye kompyuta ya mtu. Kanuni hiyo niliiweka mimi mwenyewe. Nyawira angeyachukua masikio na faili, na mimi ningebaki na nini? Na haya yangu ya panya.

Tangu jana natafuta sikio jingine. Nimepiga skani ya muuza nyanya, ya kinyozi, ya mwanamke aliyekuja kuuliza choo kiko wapi. Nyekundu. Nyekundu. La kinyozi lilikaribia, likaachia kwenye chafya.

Ninamtafutia msichana sikio kwa bidii, na kila likishindwa nafurahi tena. Sijipendi wiki hii.

Jumanne, 5 Agosti

Nyawira amekuja peke yake. Ametoka Mwea alfajiri. Amevaa sweta ya shule ya zamani, na fundo la lastiki limemkwaruza nyuma ya kichwa mpaka pamekuwa pekundu. Akakaa kwenye kiti cha wagonjwa kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

Akasema ana swali moja tu.

"Mamako alikuwa anavaa miwani?"

Nikasema alivaa, miaka yote, mizito kama yake.

"Basi hiyo masikio inajua kazi."

Nilicheka. Sikutaka. Nikamwambia amjue vizuri huyo anayemchukua: alikuwa mkaidi, alikuwa kiziwi upande wa kulia, na aliamini kila mtu wa Mwea anauza mchele wenye mawe. Akasema hiyo ya mawe ni kweli.

Kisha akasema jambo ambalo nimelifikiria siku nzima. Kwamba tangu utotoni watu wanamtazama hapa kando ya kichwa kabla ya kumtazama usoni. Kwamba wanafunzi watamtazama hivyo. Kwamba hajali sikio lilikuwa la nani, mradi lilikuwa la mtu. "Ile ya programu si ya mtu," akasema. "Nikivaa hiyo nitakuwa nimevaa hewa."

Nikamuuliza kuhusu mama yake. Wameongea. Mama amekubali, kwa sharti moja: yaombewe kwanza. Ndipo akauliza jina. Nikamwambia. Akalirudia polepole, Muthoni, kama anajifunza kulitamka, na mimi nikajifanya natafuta kebo chini ya meza.

Nimesema ndiyo. Hakuna aliyenilazimisha. Nimesema ndiyo na roho inauma.

Jumanne, 12 Agosti

Kalibu zimetoka safi. Nimelijenga la kushoto kwa kuligeuza la kulia, kama kwenye kioo. Pengo la jogoo nimelitoa upande wa kushoto. Upande wa kulia nimeliacha. Sikujaribu hata kuliondoa.

Kuchanganya rangi ni kazi ya dirishani. Mwangaza wa taa hudanganya. Nilingoja ukungu upande mlimani, nikachanganya kahawia na tone la nyekundu, nikapaka kipande, nikakilinganisha na picha ya shingo ya Nyawira. Mama alikuwa mweusi kuliko yeye. Ndewe ilipoanza kuchukua rangi ya msichana, nilihisi kama naosha mtu na jina linatoka pamoja na povu. Niliendelea.

Nimevunja kalibu kwa nyundo. Nimehamisha faili kwenye flashi. Nimefuta yangu, kisha nikafuta na pale zinapokwenda zilizofutwa. La plastiki nyeupe nimelitia kwenye mashine ya kusaga. Lilipiga kelele kama mfupa wa kuku. Nimekaa sakafuni kidogo.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo yamevaliwa.

Mama Nyawira alikuja na mchungaji wao, kijana mwembamba mwenye mafua. Aliweka mkono juu ya boksi na kuyaombea masikio yale ya silikoni kwa sauti ya mkutano. Aliomba yasisikie uongo. Aliomba yasigeuke kuwa kiburi, kwa sababu sikio halizidi kichwa. Mimi nilifumba macho na kusema amina zaidi ya wote.

Gundi. Nikahesabu taratibu, nikashikilia la kulia, kisha la kushoto. Nyawira alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nikamwambia avae miwani mwenyewe. Alinyoosha mikono nyuma ya kichwa kutafuta lastiki, kwa mazoea, akakuta hakuna. Akaacha mikono pale hewani. Halafu akaiteremsha miwani polepole, ikakaa.

Ikakaa. Aligeuka huku, akageuka kule. Akavua sweta, akaivaa tena. Akapiga chafya ya uongo, sisi sote tukaruka. Haikusogea. Mama yake alianza wimbo hapo hapo na mchungaji akashindwa kuufuata.

Sikumsikia Tata Wambui akiingia. Sikumwalika, nilimwambia tu siku. Alisimama nyuma ya kile kiti, mahali ambapo sura ya Nyawira haionekani, ni nywele na masikio tu.  Mama Nyawira akaacha kuimba. Tata akanyoosha kidole, akagusa lile pengo dogo la ukingoni.

"Mwari wa maitu," akasema.

Binti ya mama yetu. Ndivyo anavyoitwa dada, na ndivyo alivyomwita mama maisha yake yote. Nyawira hakuwahi kumwona Tata, lakini aligeuka akaitika. Aliitika tu, kama mtu aliyeitwa. Tata akamkumbatia na kumwuliza kama amekula.

Mimi nilikuwa nimesimama na kitambaa cha gundi mkononi. Nimeona wivu. Mkali, wa kitoto. Mama amerudi, na hakurudi kwangu. Kisha nikawapikia chai, kwa sababu mtu afanye nini.

Jumatatu, 25 Agosti

Jua leo. Mlima umeonekana wote mpaka kwenye theluji iliyobaki. Wenye duka la vifaranga wametoa maboksi nje.

Nyawira ameandika. Chuo ni wiki ijayo. Masikio yanashika. Amesema watoto wa jirani wamegombana ni nani atayagusa kwanza. Tata amemwita Kianyaga Krismasi, na atakwenda.

Hakuna kazi ya haraka. Nimefungua programu, nikachukua mpira. Nimefumba macho na kuacha vidole viende vinakotaka, ukingo, bakuli, ndewe, bila haraka, mpaka vikaacha vyenyewe.

Nikafungua macho. Ni sikio. Lina vipimo vizuri, mikunjo yote ipo. Nimelizungusha mbele, nyuma, juu, chini. Nimelilainisha na kutazama ukingo. Laini kabisa.

Silijui. Si la mtu yeyote.

Nimemwita mama hata hivyo, kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Vifaranga ndio waliojibu. Nimekaa hapo mpaka jua likatoka mezani, kisha nikazima kompyuta.